Mbuzi wa Malanca Ndani ya Kabati la Vioo

Anayetaka kujua jinsi chuo kikuu kinavyoweza kumdharau mtu asije wakati wa masomo. Wakati huo kila mtu ana haraka, na haraka huficha mengi. Aje likizo ya mwisho wa mwaka, wanafunzi wakiwa wamekwenda makwao, walimu wako kwa wakwe zao wanakula, na mabomba ya joto yamepunguzwa mpaka ukuta unatoa jasho la baridi. Hapo ndipo chuo chetu hapa Chișinău, mji mkuu wa Moldova, hutangaza kwa herufi kubwa kwamba milango ya maonyesho iko wazi kwa umma wote. Milango iko wazi kweli. Geti ndilo limefungwa.

Nasema ninayoyajua. Nina kibanda cha kahawa na plăcinte, yaani maandazi bapa ya jibini, chini ya ngazi za jengo la zamani, mkabala na ukumbi wa maonyesho, na kila likizo nimekaa pale nikipoa pamoja na bidhaa zangu. Hata hivyo mimi huuza kwa hiari yangu. Zenovia Hriscu, mtunza ukumbi, alikuwa hana hiari.

Alianza kazi hiyo akiwa mjane kijana, na mtoto wa kiume ambaye hajaanza shule. Likizo ya kwanza wakubwa waliulizana nani atabaki kufungua ukumbi. Mmoja alikuwa na mama mgonjwa, mwingine ana tiketi ya kwenda milimani, na Zenovia akanyamaza. Kwenye chuo chetu anayenyamaza amekubali. Basi kuanzia hapo likizo zote zikawa zake. Amefungua ukumbi kwa ajili ya vipepeo vya profesa mmoja, stempu za profesa mwingine, na picha za madaraja ambazo hata aliyezipiga hakuja kuzitazama. Mtoto wake, Dorin, alizoea kulala juu ya viti vitatu vilivyounganishwa, akifunikwa koti la mama yake. Alipokua kidogo akawa anapelekwa kijijini kwa mjomba, na alipokua zaidi akajipeleka mwenyewe Italia.

Usidhani Zenovia alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa mkali kama pilipili. Mlangoni aliweka sanduku la vifuko vizito vya kuvalia juu ya viatu, ili sakafu yake ya mbao isichubuke, na hakuna aliyeingia bila hivyo. Waziri mmoja alikataa kuvivaa, akaambiwa basi maonyesho ayatazamie mlangoni. Akavivaa.

Mwaka huu walimpa maonyesho yake mwenyewe. Au tuseme, waliishiwa na maprofesa. Naibu mkuu wa chuo, Bwana Popușoi, mwenye tumbo la heshima na ahadi zisizo na uzito, alimwita akamweleza kwamba idara ya michezo inautaka ule ukumbi kwa ajili ya meza za kuchezea mpira wa mezani. Kama likizo hii watu watakuja, na televisheni ikaonyesha watu wamekuja, ukumbi utabaki kuwa ukumbi. Kama sivyo, basi. Zenovia aliniambia maneno hayo akiwa amesimama mbele ya kibanda changu, kahawa imempoa mkononi. Mimi nikasema huyo Popușoi amekwisha kuamua, anatafuta wa kumsingizia tu. Zenovia akanijibu nisimwanzie.

Alijua anachotaka kuonyesha. Kijijini kwao kaskazini, Socii Vechi, wana Malanca ya kusifika. Siku ya mwisho ya mwaka, mchana na usiku wake wote, vijana wa kiume huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba: farasi wa mbao, dubu, mzee na bibi kizee, na mbuzi mwenye kichwa cha mti kinachofungua mdomo kwa kamba, mwili wake umefunikwa matambara ya rangi zote. Wanapiga ngoma, fidla na filimbi, wanacheza, wanapewa mkate na mvinyo, wanaendelea. Vitu vyenyewe ni vya zamani, na vinatunzwa na mdogo wake Zenovia, Onofrei, ambaye ndiye kiongozi wa kundi. Mwezi wa kumi na moja Zenovia akaenda kuviazima. Alimwambia atavirudisha siku moja kabla ya Malanca. Onofrei akasema sawa. Wala hawakutajiana tarehe, maana nani hutaja tarehe ya Malanca?

Sasa, kwetu Krismasi ni mbili na mwaka mpya ni miwili. Mjini na maofisini tunafuata kalenda mpya. Vijiji vingi vinafuata ya zamani, iliyo nyuma kwa siku kumi na tatu. Wengine husherehekea zote na kuvimbiwa mara mbili. Socii Vechi ni watu wa kalenda ya zamani tangu walipoumbwa, kwa hiyo Malanca yao hutoka katikati ya Januari, chuo kikiwa kimeshafunguliwa. Zenovia akapiga hesabu: likizo nzima vitu viko huru. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa.

Aliyapanga maonyesho yale kwa mikono yake, na nitasema ukweli, yalikuwa mazuri. Mbuzi alimweka kwenye kabati la vioo katikati ya ukumbi, taa ikimpiga kutoka juu. Kando ya kila kinyago aliweka karatasi yenye jina la aliyekichonga na majina ya waliokivaa. Mimi si mtu wa kusifia, lakini nilisimama pale mpaka plăcinte zikaungua.

Kisha tukangoja watu.

Matangazo yalibandikwa kwenye ubao wa wanafunzi, siku moja baada ya wanafunzi kuondoka. Kibao cha kuonyesha mlango kiliwekwa ndani ya geti, upande ambao aliye nje hakioni. Mlinzi wetu, Mitrofan, alikuwa na amri mbili mfukoni: moja inasema umma uruhusiwe, nyingine inasema likizo asiingie mtu. Akachagua ile inayomruhusu kukaa kibandani kwake na redio. Bibi mmoja alikuja na wajukuu wawili kutoka upande wa pili wa mji, akaambiwa hakuna kitu. Zenovia alipopata habari alikwenda getini bila kofia, theluji ikimwangukia kichwani, akamwambia Mitrofan maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mitrofan akamjibu alete barua. Barua angeiandika nani, na ofisi zote zimefungwa?

Wageni tuliowapata ni hawa: mlevi aliyetafuta choo, wachumba wawili waliodhani hapa hupigwa picha za pasipoti, na profesa wa vipepeo, aliyekuja kuuliza sanduku lake limewekwa wapi. Huyo alivaa vifuko, akapita mbele ya mbuzi bila kugeuza shingo, akatoka.

Siku ya Krismasi mpya simu ya Zenovia ililia. Alikuwa Dorin. Nilisikia upande mmoja tu wa maneno. Alimwambia hawezi kuongea sasa, ana wageni wengi, ampigie baadaye. Akaikata. Mimi nilitazama ukumbi. Palikuwa na yeye, mimi, na mbuzi. Nilitaka kumwuliza kwa nini amemdanganya mtoto, lakini uso wake ulinifunga mdomo. Kama mtoto wako amezoea kukukosa mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya ukumbi, utamwambiaje kwamba ukumbi wenyewe hauna mtu? Nilimwelewa, na nilichukia kumwelewa.

Tumaini lililobaki lilikuwa moja. Tarehe thelathini na moja, saa sita mchana, Popușoi alikuwa aje na mpiga picha wa televisheni na wageni wake, azindue rasmi. Zenovia alishawaomba wapangaji wa jengo zima analoishi waje. Mimi nilishawaomba shemeji zangu, na kuahidi plăcinte za bure, jambo ambalo si kawaida yangu.

Siku moja kabla, mchana, mlango ukafunguliwa. Akaingia Onofrei, theluji mabegani, kofia mkononi. Nje aliacha gari lake na tela.

"Habari za hapa, dada. Nimekuja kuchukua vitu," akasema.

"Vitu gani?"

"Vya Malanca. Kesho tunatoka."

Zenovia akacheka. Alimwuliza ameanza kunywa mapema, au ni ulevi wa mwaka jana bado haujamtoka. Onofrei hakucheka. Akaeleza, polepole, akigeuzageuza kofia. Mwezi wa nne walikutana kanisani baada ya ibada, na kijiji kikakubaliana kuhamia kalenda mpya. Padri hakupinga. Krismasi wameshakula, tarehe ishirini na tano, na nguruwe wameshakwisha. Yeye alingoja dada yake arudishe vitu kama alivyosema, siku moja kabla. Alipoona kimya mpaka asubuhi hii, akawasha gari.

"Na mimi nani aliniambia?" Zenovia akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, na mimi ninayemjua nikasogea nyuma ya kaunta.

"Dada, kijiji kizima kinajua."

"Mimi si kijiji kizima, Onofrei."

"Ndiyo, nawe hukuwepo."

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo ilivyokuwa. Watu wale hawakumficha. Waliona tu kwamba jambo linalojulikana kwa kila jirani halihitaji kupigiwa simu mjini.

Zenovia alikataa katakata. Alisema vitu vitatoka hapo kesho jioni, baada ya televisheni kuondoka, wala si dakika moja kabla. Onofrei akasema kesho jioni Malanca itakuwa imeshafika nusu ya kijiji, watatoka wamevaa nini, mabeseni? Zenovia akasema wavae hata masufuria, wao ndio waliogeuza kalenda, si yeye. Wakapandishiana. Mimi nilikuwa upande wa Zenovia, nasema bila aibu. Huyu mama hakuwahi kupewa kitu na chuo hiki, leo kapewa ukuta mmoja wa kutundika chake, na ukoo wake unakuja kuubomoa na tela.

Onofrei akakaa kwenye kiti, akafuta uso. "Unajua kwa nini tulihama?" akamwuliza. "Si kwa sababu ya padri. Ni kwa sababu ya vijana. Wako Bologna, wako Padova, wanaosha wazee wa watu na kupaka rangi nyumba za watu. Mabwana zao kule huwapa likizo yao ya Desemba. Katikati ya Januari hawapewi. Umeona Malanca yetu ya miaka hii? Mimi na goti langu, na Haralampie mwenye pumu. Watoto wanatucheka. Sasa wamekuja, dada. Wamejaa. Wengine wametoka kwenye basi miguu imevimba, na bado wanafanya mazoezi ghalani."

Zenovia hakulegea. Nadhani alitafuta tu pa kumshikia. Akamwuliza, kwa kejeli, huyo mbuzi basi watambebesha nani, maana ni mzito na anataka mtu mwenye mgongo, na hao vijana wa Italia wamezoea lifti.

Onofrei akatazama sakafu. Masikio yalikuwa mekundu.

"Dorin," akasema.

"Dorin yupi?"

"Dorin wako."

Bomba la joto liligonga mara moja, kama linavyofanya likitaka kufa. Kisha Onofrei akatoa yote, kwa sababu alikuwa ameshaanza. Dorin alifika siku ya Krismasi. Alipotoka uwanja wa ndege alimpigia mama yake simu kumwuliza kama apitie mjini kwanza. Akaambiwa kuna wageni wengi. Akapanda gari la kaskazini moja kwa moja.

"Mbona hukunipigia?"

"Nilitaka. Yeye akasema mama likizo ya chuo huwa hapatikani. Hakusema kwa hasira, dada. Alisema kama mtu anavyosema Jumapili posta imefungwa."

Zenovia alikwenda dirishani akampigia Popușoi. Simu ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Mwishowe akapokea mke wake, akasema mzee yuko kwenye chumba cha mvuke na wageni, na kama ni tatizo dogo walitatue wenyewe. Zenovia akasema asante. Alisema asante! Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Nilitamani ile simu iwe mkononi mwangu.

Akasimama mbele ya kabati muda mrefu. Nilijua anachokitazama: kesho saa sita, taa, watu, na jina lake likitajwa mara moja kwenye televisheni kabla hajastaafu. Akatoa funguo mfukoni, akafungua kioo.

Onofrei aliinuka kwa haraka kwenda kusaidia. Akasimamishwa.

"Vaa vifuko kwanza," Zenovia akamwambia.

Walibeba mpaka tela likajaa. Mbuzi hakutoshea, wala Zenovia hakutaka awekwe nje kwenye theluji. Aliingia kiti cha mbele akampakata, pembe zikigusa paa. Nilimfuata mpaka garini nikamwuliza, na Popușoi je? Akasema atasoma karatasi, zote zipo, majina yote yameandikwa vizuri. Nikamwambia watamfukuza. Akasema watamfukuza kwenye kazi gani, amebakiza mpaka masika tu astaafu. Akavuta mlango, nami nikarudi ndani nikalia kidogo, kwa hasira.

Kesho yake nilikuja. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kushuhudia. Wapangaji wa jengo lake walikuja watano, wakazuiwa getini, wakaenda zao. Shemeji zangu hawakutokea kabisa, na siwalaumu, nawajua. Saa sita ilishapita sana Popușoi alipofika na gari jeusi na kijana mwenye kamera. Geti lilikuwa limefungwa. Mitrofan alikwenda nyumbani kula na ufunguo ukiwa mfukoni. Niliwaona kwa dirisha wakilitikisa lile geti, wakipiga simu, wakipuliza mikono. Mimi nina ufunguo wa mlango wa pembeni. Nilijimiminia kahawa, nikainywa yote. Walipoondoka nikafunga kibanda.

Hivyo naibu mkuu hakuona kamwe kwamba ukumbi ulikuwa mtupu. Hata hivyo mwezi wa kwanza aliandika kwamba umma haukuonyesha hamu, na meza za mpira zikaletwa. Sakafu imechubuka yote. Zenovia bado yupo mpaka masika, anagawa vibao na kuokota vipira chini ya mabomba, na asiyevaa viatu laini hapewi kibao. Nikipita namwona, damu inanichemka, yeye ananiambia nipunguze chumvi kwenye jibini.

Ya kule kijijini alinisimulia mwenyewe, siku moja tu, hakurudia. Walifika jioni. Dorin alikuwa amelala kwa baba yake wa ubatizo, mwisho wa juu wa kijiji, na Zenovia alimwomba Onofrei asiseme kitu. Asubuhi vijana walipewa vitu vyao wakaondoka. Yeye akakaa nyumbani kwa mdogo wake, akakanda mkate na wifi yake, akangoja kama watu wengine wanavyongoja.

Malanca ilifika mchana. Desturi ni kwamba kundi husimama nje ya uzio na kuuliza kama wanapokewa, na mwenye nyumba ndiye hujibu. Mwenye nyumba, Onofrei, alikuwa upande wa nje, ndiye anayeuliza. Wifi akamsukuma Zenovia mbele. Akasema tunapokea. Wakaingia wote, ngoma na farasi na dubu, theluji ikakanyagwa ikawa tope. Mbuzi alicheza, akaanguka akafa, mzee akamlilia, akamfufua, kama inavyotakiwa. Kisha, zamu ya mbuzi kuwasalimia wenyeji ilipofika, akaja mpaka kwa Zenovia. Mdomo wa mti uliokuwa ukigongagonga ukatulia.

Sauti ikatoka chini ya matambara. "Mama? Nani anafungua ukumbi leo?"

"Leo umefungwa," Zenovia akamjibu.

Mbuzi hakuondoka. Alisimama pale mbele yake, hata mpiga fidla akauliza kama kamba ya mdomo imekatika.